Baridi Huficha Ugonjwa: Kusoma Joto la Prosesa na Kasi ya Feni kwa Watumiaji wa Kompyuta Mpakato Nyanda za Juu Kusini

Mwezi wa Julai, chumba kisicho na jiko pale Uyole au Njombe mjini huweza kuamka kikiwa na nyuzijoto 12 au chini yake. Kompyuta mpakato ikiwashwa humo, programu ya kupima joto itaonyesha prosesa ikiwa na nyuzi 35, feni ikizunguka polepole au ikiwa imesimama kabisa, na mwenye kompyuta ataridhika kwamba mashine yake ni nzima. Mwezi wa Oktoba mashine hiyohiyo inateremshwa Kyela kwa kazi ya siku tatu, na siku ya kwanza tu inaanza kukwama, kisha inazima. Watu husema joto la Kyela limeiua. Kwa maoni yangu, mara nyingi mashine huwa imeshuka mlima wa Rungwe ikiwa tayari na ugonjwa, na baridi ya Mbeya ndiyo iliyokuwa ikiuficha.

Ugonjwa huo unaweza kutambuliwa mapema kwa programu zinazopatikana bure, ilimradi mtu ajue namba zipi azisome pamoja na zipi asiziamini.

Anza na joto la chumba

Namba ya joto la prosesa imebeba vitu viwili vilivyochanganyika: joto la hewa ya chumba, na nyuzi ambazo prosesa imepanda juu ya hewa hiyo. Kinachoeleza hali ya feni, ya mapezi ya kupozea (vibati vyembamba vinavyotoa joto kwenye hewa) na ya pesti (uji unaopakwa juu ya prosesa) ni hicho cha pili. Tuchukue mfano wa chumba chenye nyuzi 14, ambamo prosesa inafanya kazi nzito, feni inazunguka kwa kasi yake yote, na joto linasomeka nyuzi 78. Ukiitazama 78 peke yake huoni tatizo, kwa kuwa prosesa nyingi za Intel za kompyuta mpakato zimewekewa kikomo cha nyuzi 100, na nyingi za AMD kikomo kilicho kati ya 95 na 105. Lakini prosesa hiyo imepanda nyuzi 64 juu ya chumba. Ihamishie katika chumba cha nyuzi 32, kazi ikiwa ileile, na hesabu inakuletea 96. Feni haina tena kasi ya kuongeza, na kilichobaki ni prosesa kujipunguzia mwendo yenyewe ili isiungue.

Kwa sababu hiyo kipimajoto cha ukutani ni chombo cha kwanza cha kazi hii, hata kabla ya programu yoyote. Kile cha kupimia homa hakifai, kwa kuwa hakisomi joto la chini kama la chumba. Andika joto la chumba, toa kutoka kwenye joto la prosesa, na tofauti inayobaki ndiyo uilinganishe mwezi kwa mwezi. Ulinganisho huo ni wa haki tu iwapo kasi ya feni na umeme unaoliwa na prosesa vinakaribiana katika vipimo vyote viwili, kwa sababu prosesa inayokula wati 28 itapanda zaidi ya ile inayokula wati 15 hata kama feni ni safi. Programu nzuri huonyesha wati hizo. Katika HWiNFO mstari wake unaitwa "CPU Package Power".

Jambo moja kuhusu mwinuko, kwa kuwa huulizwa mara nyingi. Mbeya iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi kwa kiasi cha asilimia 15 kuliko ya pwani. Feni inayozunguka mizunguko ileile kwa dakika inasukuma ujazo uleule wa hewa, lakini uzito wa hewa hiyo ni mdogo, hivyo inabeba joto pungufu. Athari hiyo ipo, ila ni ndogo, na kwa sehemu kubwa ya mwaka baridi huifidia. Watengenezaji wengi wa kompyuta mpakato huandika kwamba mashine zao zinaweza kutumika hadi mita 3,048, na hata uwanda wa Kitulo uko chini ya hapo. Fundi akikuambia kuwa kompyuta yako inazima kwa sababu ya mwinuko wa Mbeya, mwombe aifungue kwanza atazame mapezi.

Programu za kutumia

Dirisha la Task Manager la Windows huonyesha joto la kadi ya picha iliyo tofauti na prosesa, lakini joto la prosesa yenyewe halionyeshi, hivyo huna budi kuweka programu nyingine. Mimi huchagua HWiNFO, na sababu kubwa ni kwamba hutunza namba ya chini kabisa, ya juu kabisa na ya wastani, kisha inaweza kuandika vipimo vyote kwenye faili la CSV, yaani jedwali la maandishi, jambo ambalo litakuokoa tutakapofika kwenye mashine zinazozima ghafla. Core Temp ni nyepesi na inafaa mashine za zamani. HWMonitor na LibreHardwareMonitor nazo ni nzuri. Kwenye Ubuntu na jamii zake, weka lm-sensors kwa amri ya sudo apt install lm-sensors, endesha sudo sensors-detect mara moja, halafu watch -n 2 sensors, na vipimo vitajirudia kila baada ya sekunde mbili.

Chagua programu moja na ubaki nayo. Ukifungua mbili au tatu kwa wakati mmoja, zote zitajaribu kuzungumza na kidhibiti kilekile kidogo kilicho kwenye ubao mkuu, na matokeo yake huwa namba zinazorukaruka, au kompyuta inayokwama kila baada ya sekunde chache.

Kipimo chenyewe hakihitaji ufundi mkubwa. Weka kompyuta juu ya meza ngumu, chomeka chaja, funga programu zote, na uiache kwa dakika 15 kisha uandike namba. Halafu ipe kazi nzito kwa dakika 10: Cinebench kwenye Windows, au stress-ng --cpu 0 --timeout 600 kwenye Linux. Andika tena. Kisha, na hapa ndipo wengi huacha mapema, endelea kutazama kwa dakika tano baada ya kazi kukoma, kwa kuwa namna joto linavyoshuka inaeleza mambo mengi kuliko namna linavyopanda.

Dalili: programu inafunguka lakini haionyeshi joto

Kwenye Windows, programu hizi huhitaji draiva, yaani programu ndogo inayoruhusiwa kugusa vifaa moja kwa moja, hivyo zifungue ukiwa na mamlaka ya msimamizi. Tangu 2025 Windows Defender imekuwa ikiizuia draiva ya WinRing0 iliyotumiwa na programu kadhaa za aina hii, kwa kuwa ina udhaifu unaoweza kutumiwa na wahalifu. Usiuzime ulinzi wa kompyuta ili uone joto. Tafuta toleo jipya la programu, au hamia kwenye programu isiyotumia draiva hiyo. Kwenye Linux, kama sensors haionyeshi kitu, jaribu sudo modprobe coretemp kwa prosesa za Intel au sudo modprobe k10temp kwa za AMD.

Dalili: joto linaonekana, kasi ya feni haionekani

Hii kwa kawaida si hitilafu ya feni. Katika kompyuta mpakato nyingi feni inaendeshwa na kidhibiti nilichokitaja, na mtengenezaji asipotoa njia ya kukisoma, programu haitapata namba hata kama feni inavuma. Baadhi ya ThinkPad na Dell husomeka vizuri kwenye Linux kwa sababu kerneli, yaani kiini cha Linux, ina moduli zake, thinkpad_acpi na dell-smm-hwmon. Mashine nyingine nyingi hazina bahati hiyo. Basi tumia mkono na sikio. Weka kiganja kwenye tundu la kutolea hewa wakati wa kazi nzito: hewa nyingi ya moto ni dalili njema, hewa kidogo yenye moto mkali inaonyesha mapezi yameziba, na hewa nyingi iliyo ya baridi wakati prosesa inasoma nyuzi 95 inaonyesha kwamba joto halifiki kwenye mapezi kabisa.

Dalili: namba zisizoingia akilini

Ukiona kihisi joto kinasoma 127 au −128 bila kubadilika, ni kihisi ambacho hakijaunganishwa, na programu inasoma mahali patupu. Ukiona kihisi kiitwacho "acpitz" kwenye Linux kimeganda kwenye 27.8 tangu asubuhi hadi jioni, kiache. Feni ya ThinkPad inayosomeka mizunguko 65,535 kwa dakika haizunguki hivyo. Feni za kompyuta mpakato kwa kawaida huishia kati ya 4,000 na 6,000, na namba hiyo ni ishara tu kwamba kidhibiti hakijatoa kipimo.

Kwetu sisi wa huku kuna jambo moja la kuzingatia zaidi. Vihisi vilivyo ndani ya prosesa nyingi hupima umbali uliobaki kufikia kikomo, na vimerekebishwa viwe sahihi karibu na kikomo hicho. Kadiri prosesa inavyokuwa baridi ndivyo vinavyoweza kukosea, wakati mwingine kwa nyuzi kadhaa. Asubuhi ya Juni huko Makete unaweza kusoma nyuzi 9 ndani ya chumba cha nyuzi 11, ilhali prosesa iliyowashwa haiwezi kuwa baridi kuliko hewa inayoizunguka. Kwa hiyo, vipimo vya mashine iliyotulia katika chumba cha baridi visikupe faraja wala hofu. Hukumu yako ijengwe juu ya vipimo vya kazi nzito.

Dalili: joto linafika 95 wakati wa kazi

Hapa ndipo penye kiini cha kazi yote, na hapa ndipo fedha nyingi hupotea, kwa kuwa mtu hununua feni mpya wakati feni yake ni nzima, au hubadilisha pesti wakati mapezi yamejaa vumbi. Sababu mbili kuu, pesti mbovu na mapezi yaliyoziba, zinatofautishwa kwa kutazama mwendo wa joto.

Joto linaporuka kutoka 45 hadi 95 ndani ya sekunde mbili au tatu, kisha likaporomoka hadi 60 ndani ya sekunde chache kazi inapokoma, njia kati ya prosesa na bamba la shaba lililolala juu yake ina kasoro. Mapezi bado ni ya baridi, feni haijapata hata muda wa kuongeza kasi, lakini prosesa tayari inaungua kwa sababu joto lake limekosa njia ya kutokea. Hapo pesti, yaani ule uji mzito wa kijivu au mweupe unaopakwa juu ya prosesa, imekauka, au skrubu za bamba zimelegea, au bamba lilirudishwa likiwa limekaa upande. Kasoro ya mwisho naikuta zaidi kwenye mashine ambazo zimewahi kufunguliwa. Bomba la shaba linalopeleka joto kwenye mapezi likipoteza kimiminika kilichomo ndani yake nalo hutoa dalili ya aina hiyo, na dawa yake ni kubadilisha bomba zima.

Joto linapopanda taratibu kwa dakika tano hadi kumi, likifuatwa na feni inayozidi kupiga kelele, na kazi ikikoma likashuka polepole kwa dakika kadhaa, tatizo liko kwenye hewa. Joto limefika kwenye mapezi, ila haliondolewi. Huku kwetu vumbi la kiangazi, tangu Juni hadi mvua za Novemba, hujenga utando kama blanketi kati ya feni na mapezi, na mahali ambapo kompyuta hukaa chumba kimoja na jiko la mkaa, moshi huufanya utando huo unate. Utando hauonekani kwa nje. Unaweza kumulika tochi kwenye tundu la hewa ukaona pasafi, kumbe uchafu uko upande wa ndani wa mapezi, pale feni inaposukumia.

Kabla ya kuita fundi, jiulize kompyuta inatumikiwa wapi. Katika miezi ya baridi wengi wetu hufanya kazi kitandani, blanketi likiwa miguuni na kompyuta juu yake, na matundu ya hewa ya mashine nyingi yako chini kabisa. Fanya kipimo kimoja kitandani na kingine mezani, kwa kazi ileile. Tofauti ikizidi nyuzi kumi, umepata dawa isiyo na gharama.

Katika kusafisha kuna makosa mawili ninayoomba yaepukwe. La kwanza ni kupeleka kompyuta gereji ipulizwe kwa kompresa ya matairi: upepo wake huja na maji na mafuta, na nguvu yake huvunja mabawa ya feni. La pili ni kuiacha feni izunguke kwa upepo unaoipuliza, kwani inaweza kupita kasi iliyokusudiwa na kuharibu beringi zake. Zima mashine, ondoa betri kama inatoka, shikilia bawa la feni kwa kijiti cha meno, na tumia brashi laini pamoja na kipulizi cha mkono.

Kuna hali moja inayofanana na tatizo ilhali si tatizo. Prosesa za Intel za kompyuta mpakato huruhusiwa kula umeme mwingi kwa muda mfupi, mara nyingi sekunde 28, kisha hujirudisha kwenye kiwango chao cha kawaida. Ukiona kasi na joto vinashuka pamoja baada ya takriban nusu dakika, mashine inafuata utaratibu wake. Tatizo lipo pale kasi inaposhuka huku joto likibaki palepale juu, na mstari wa "Core Thermal Throttling" katika HWiNFO ukisema "Yes".

Dalili: feni inavuma ilhali hakuna kazi

Tazama kwanza mzigo wa prosesa. Windows inayojisasisha au inayokagua virusi inaweza kukalia asilimia 30 ya prosesa bila dirisha lolote kuonekana, na kichupo kimoja cha kivinjari chenye matangazo ya video kinatosha kuamsha feni. Ikiwa mzigo uko chini ya asilimia 5, joto liko nyuzi 40, na feni bado inazunguka kwa kasi ya juu, kidhibiti hakipati kipimo sahihi: zima kabisa, toa chaja, bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde 30, kisha washa tena. Hali ikiendelea, tafuta toleo jipya la BIOS (programu ya ndani ya ubao mkuu) kwa mtengenezaji, na usilisasishe siku ambayo umeme unakatikakatika.

Dalili: prosesa ni baridi, lakini kompyuta ni nzito kupita kiasi

Dalili hii huwachanganya hata mafundi wazuri. Joto ni nyuzi 45, mzigo ni asilimia 100, na kasi ya prosesa imeganda kwenye GHz 0.8 au chini yake. Baridi hapa ni matokeo ya uzito wenyewe, kwa kuwa prosesa imeamriwa kutambaa. Amri hiyo hupitia ishara inayoitwa PROCHOT, ambayo ubao mkuu unaweza kuituma hata kama prosesa haina joto lolote. Sababu ya kawaida ni chaja: mashine za baadhi ya watengenezaji zikishindwa kuitambua chaja, hujibana ili zisiivute kupita uwezo wake. Chomoa chaja utumie betri kwa dakika mbili. Kasi ikirudi, umempata mkosaji, na kuazima chaja halisi ya mtu mwingine kwa jaribio la dakika tano ni bora kuliko kununua kompyuta nyingine. Isiporudi, angalia mpangilio wa umeme wa Windows, hasa kiwango cha juu cha prosesa, kisha kumbukumbu za mfumo (Event Viewer): tukio namba 37 la Kernel-Processor-Power hueleza kwamba kasi imezuiwa na programu ya ndani ya ubao mkuu.

Dalili: inazima ghafla

Tukio namba 41 la Kernel-Power linasema tu kwamba mashine ilizimika bila utaratibu, halithibitishi joto. Umeme ukikatika huku betri imekufa, tukio ni hilohilo. Ndiyo maana faili la CSV lina thamani: iache HWiNFO iandike kila baada ya sekunde mbili, fanya kazi yako ya kawaida, na mashine ikizima soma mistari kumi ya mwisho. Ikiishia kwenye nyuzi 99 huku feni ikisoma sifuri, feni imesimama. Ikiishia kwenye nyuzi 62, acha kusumbuka na feni, kagua betri, chaja na tundu la chaja.

Kuhusu kuiendesha feni kwa programu

SpeedFan, ambayo wengi bado wanaitafuta, haiwezi kuendesha feni za kompyuta mpakato nyingi za sasa. Thinkfan kwenye ThinkPad zenye Linux, na NBFC kwenye mashine ilizonazo katika orodha yake, zinaweza. Mimi husita kuzipendekeza kwa mtu ambaye bado hajasafisha mapezi, kwa sababu feni iliyolazimishwa kuzunguka kwa nguvu zote ndani ya mapezi yaliyoziba huongeza kelele na kuchakaza beringi huku joto likipungua kidogo tu. Ukizitumia, usiweke kamwe kiwango kinachozuia feni kuanza kabla ya nyuzi 70, hata kama asubuhi za Mafinga zinakushawishi kwamba haihitajiki.

Baada ya matengenezo yoyote, rudia kipimo cha kazi nzito katika chumba kilekile, juu ya meza ileile, na uandike tarehe, joto la chumba, joto la prosesa, wati na mizunguko ya feni. Mashine ya mfano wetu iliyopanda nyuzi 64 juu ya chumba ikishuka hadi 50 kwa wati zilezile, itafika Kyela ikisoma 82 na inaweza kusafiri. Ikibaki kwenye 62, funga safari kwa fundi na umwombe alifungue bamba la shaba mbele yako.